Kaboni ni Makaa

Katika semina zetu za uzamili, hakuna mada inayozua ubishi mkali kama ile ya Kiswahili na sayansi. Mmoja wetu atasema kwamba lugha hii haijajitosheleza kiistilahi. Mwingine atamjibu kwamba hakuna lugha iliyozaliwa na istilahi mdomoni. Na kabla ya kipindi kwisha, Katiba ya mwaka 2010, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza, itakuwa imetajwa si chini ya mara tatu. Nami nimekuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa Kiswahili katika vikao hivyo. Nimenena kwa ufasaha, nimepigiwa makofi. Hata hivyo, siku moja mwaka 2023 niliitwa kukitumikisha Kiswahili mahali pasipo na makofi, nikashindwa. Makala haya ni maungamo ya kushindwa huko, na maelezo ya yale niliyofunzwa baadaye na mtu ambaye hajawahi kuketi katika semina yoyote.

Mimi ni mzaliwa wa Mbeere, upande wa chini wa Embu, ambako mvua ni haba, migunga ni mingi na kila boma lina mizinga ya nyuki au lina jirani aliye nayo. Ndugu yangu mdogo alikuwa mwendeshaji wa bodaboda katika barabara itokayo Embu kwenda Meru. Ndiye aliyepewa jina la babu yetu mzaa mama, na kwa sababu hiyo mama humwita “Baba”. Usiku mmoja wa Aprili 2023, karibu na daraja la Mto Thuci, aligongwa na lori. Roho ilibaki, lakini mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Miezi michache baadaye tuliketi mbele ya mtaalamu wa viungo bandia: mama, ndugu yangu na mimi. Mtaalamu huyo alitueleza kwa Kiingereza, kwa upole na kwa haraka, kwamba kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mguu wa plastiki wenye wayo wa mpira, ambao bei yake tungeimudu kwa kuchangiwa na jamaa. Ya pili ilikuwa wayo wa kitu alichokiita “kaboni faiba”, mwepesi, unaojipinda na kumsukuma mtu mbele anapotembea. Bei ya huo wa pili ilitutaka tuuze nusu ya shamba la muguka alilotuachia marehemu baba.

Mama alinigeukia. “Hicho cha pili ni kitu gani?”

Mtaalamu akanitazama. Ndugu yangu akanitazama. Mimi ndiye niliyesoma. Mimi ndiye mwenye shahada ya kwanza ya Kiswahili na ninayeitafuta ya pili. Nilifungua kinywa nikakuta hamna kitu. Kimbeere kilininyima neno, Kiswahili kikaninyima neno, na ukweli ni kwamba hata Kiingereza kilikuwa kimenipa neno tu, bila maana yake. Nikasema lililokuwa karibu na ulimi.

“Ni plastiki, Mama. Plastiki ngumu sana.”

Mama aliutazama mtungi wa maji uliokuwa pembeni mwa chumba, ule mtungi wa manjano unaojulikana katika kila boma la Kenya. Kisha akaniuliza, bila hasira, “Niuze shamba la baba yenu ninunue plastiki?”

Shauri likaishia hapo. Ndugu yangu akapewa wayo wa mpira. Sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya. Wayo wa mpira umewasimamisha watu wengi duniani, na huenda hata tungeelewa tungeuchagua uo huo. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba neno langu ndilo lililoamua, na neno lenyewe lilisemwa na mtu asiyejua alichokuwa akikitaja.

Mtu aliyekatwa mguu huvimba kwanza, kisha kigutu hupungua kadiri miezi inavyopita, hata lile bweta la mguu bandia linaloshika kigutu likawa pana, likaanza kumchubua. Basi mwishoni mwa mwaka 2024 ilijulikana wazi kwamba ndugu yangu angehitaji mguu mwingine, na lile swali la kwanza lingerudi. Safari hii niliapa kwamba halitanikuta mikono mitupu.

Ninaye rafiki niliyesoma naye shule ya upili, ambaye sasa anasomea kemia huko Nchiru, Meru. Nikapanda matatu Embu, tukapita Runyenjes, tukavuka lile daraja la Thuci ambalo sasa hulivuka nikiwa nimefumba macho, tukapita Chuka na Nkubu, hadi Meru mjini, kisha nikaishika njia ya Maua. Nilimkuta rafiki yangu na daftari lake tayari. Lakini kabla ya kulifungua aliniuliza swali ambalo sikulitarajia.

“Si kwenu mlichoma makaa?”

Naam, tulichoma. Karo yangu ya shule ilitoka katika moshi. Baba alikuwa akikata matawi ya mgunga, akiyapanga kwa ustadi, akiyafunika kwa majani mabichi, kisha kwa udongo, na kuacha matundu machache tu. Akishatia moto upande mmoja, kazi yake ilikuwa kukesha. Alisoma moshi kama mimi nisomavyo riwaya. Moshi mweupe mzito ulimwambia kwamba kuni zingali zinatoa maji. Ulipogeuka kuwa wa rangi ya manjano na kuwasha macho, alijua kwamba mti wenyewe umeanza kubadilika. Na ulipokuwa mwembamba, wenye rangi ya samawati, alianza kuyaziba matundu, kwa maana makaa yalikuwa yameiva. Udongo ukipasuka, alikimbia kuuziba hata kama ni usiku wa manane. “Hewa ikiingia,” alituambia, “tutachota jivu.”

“Basi baba yako alikuwa mwanakemia,” rafiki yangu akasema. “Kitu unachokitafuta hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Ni uzi uliochomwa pasipo hewa.”

Akanieleza. Kaboni ni elementi iliyomo katika kila kilicho hai: katika mti, katika katani, katika nyama na sukari. Ukichoma mti penye hewa, kaboni huungana na oksijeni na kwenda zake angani. Kinachobaki ni jivu. Ukiuchoma pasipo hewa, maji na gesi nyingine hutoka, lakini kaboni haipati wa kuondoka naye, hivyo hubaki. Hayo ndiyo makaa. Na jina lenyewe linakiri hivyo: wanakemia wa Ufaransa, akiwamo Lavoisier, walipopanga upya majina ya elementi mwaka 1787, hili walilitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya makaa. Nilibaki nimeduwaa. Neno lililonitisha mbele ya mama halikuwa la maabara hata kidogo. Lilikuwa neno la jikoni lililovaa koti.

Nyuzi za kaboni, rafiki yangu aliendelea, nazo si jambo la jana. Kati ya mwaka 1879 na 1880, Thomas Edison wa Marekani alichoma uzi wa pamba, kisha vijiti vyembamba vya mwanzi, ili apate waya mweusi wa kung’aa ndani ya taa ya umeme. Joseph Swan wa Uingereza naye alikuwa katika mbio hizo hizo. Nyuzi zao ziliangaza, lakini zilikuwa dhaifu. Nyuzi zenye nguvu zilingoja hadi mwaka 1958, ambapo Roger Bacon, katika maabara moja ya Ohio, alionyesha jinsi kaboni iliyopangika vyema inavyoweza kuwa imara ajabu. Na miaka ya 1960, ambapo Akio Shindo huko Japani, kisha William Watt na wenzake huko Farnborough, Uingereza, waligundua namna ya kuzitengeneza kutokana na nyuzi za akriliki.

“Akriliki ipi?” nikauliza.

Alicheka akanivuta ukosi wa sweta. “Hii. Si hii hasa, lakini ni jamaa yake wa karibu.”

Nyuzi hizo nyeupe, alisema, hupitishwa kwanza katika joto la nyuzijoto kati ya 200 na 300, penye hewa, ili zisije zikayeyuka baadaye. Hugeuka rangi polepole: manjano, kahawia, hatimaye nyeusi. Kisha huingizwa katika tanuru lililojazwa gesi ya naitrojeni, pasipo oksijeni, katika joto lipitalo nyuzijoto 1,000. Hapo vitu vingine vyote hufukuzwa, na karibu nusu ya uzito hupotea. Kinachobaki ni uzi ambao zaidi ya asilimia 90 ni kaboni. Unene wake ni kama sehemu saba za elfu ya milimita, yaani unywele mmoja wa kichwa huweza kuuzidi mara kumi. Nyuzi elfu kumi na mbili hufungwa pamoja zikawa kama utepe mmoja, tepe hizo zikafumwa kama kitambaa, kitambaa kikatandazwa tabaka juu ya tabaka katika umbo linalotakikana na kulowekwa gundi ambayo ikipata joto hukauka ikawa ngumu.

Hapa ndipo nilipotambua kiini cha kosa langu. Gundi ile kweli ni jamii ya plastiki. Lakini kukiita kitu kizima plastiki ni sawa na kuitazama nyumba ya fito na kusema ni udongo. Udongo huzishika fito zisitawanyike na kuugawa mzigo kati yao. Fito ndizo zinazoisimamisha nyumba. Ukiutoa udongo, utabaki na mifupa ya nyumba. Ukizitoa fito, utabaki na lundo la tope.

Nilirudi nyumbani wakati wa sikukuu za Desemba. Jioni moja mama aliketi mlangoni akisuka kiondo, ndugu yangu kando yake amevua mguu wake akikipumzisha kigutu. Nitayaandika mazungumzo yetu kwa Kiswahili, ingawa nusu yake yalikuwa Kimbeere, na pale lugha moja iliposita ile nyingine iliishika mkono.

“Mama,” nikasema, “mwaka jana nilikudanganya.” Nikamweleza kwamba wayo ule si plastiki. Ni makaa. Ni uzi uliochomwa kama baba alivyochoma mgunga, pasipo hewa, hadi ukawa makaa matupu.

Alisokota uzi wa katani juu ya paja mara mbili tatu bila kunijibu. Kisha akanyoosha mkono hadi kwenye jiko, akachukua kipande cha makaa, akakiangusha juu ya jiwe. Kikavunjika vipande vinne.

“Mtoto wangu,” akauliza, “atasimama juu ya hiki?”

Msomaji mpendwa, mimi ni mwanafunzi wa fasihi. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu tashbihi na istiara. Nafahamu kwamba tashbihi huvileta pamoja vitu viwili kwa sababu ya sifa wanayochangia. Lakini sikuwa nimewahi kuona kwa macho yangu mwenyewe tashbihi ikifika mwisho wa nguvu zake na kuvunjika juu ya jiwe. Nilikuwa nimeipenda mno ile picha ya baba na tanuru lake, nikasahau kwamba makaa yake hayangeweza kumbeba hata paka. Na swali la mama halikuwa la ujinga. Ndilo swali ambalo wataalamu wa Ohio, Japani na Farnborough walilishughulikia kwa miaka: mbona kaboni hii huvunjika, na ile haivunjiki?

Nikamwambia niliyoyakumbuka. Kwamba katika makaa ya kawaida, chembe za kaboni zimekaa shaghalabaghala, zina matundu matundu kama zilivyokuwa seli za mti. Kwamba katika uzi ule chembe hizo hushikana sitasita, kila sita zikiwa kama chumba kimoja cha sega la nyuki, na sega hizo zimelala kufuata urefu wa uzi. Alitikisa kichwa, masega anayajua, lakini sega nalo ukilifinya huvunjika. Nikamwambia, karibu kwa kukata tamaa, kwamba jambo jingine ni hili: wakati wa kuchomwa, nyuzi hizo haziachwi zilegee. Hushikwa huku na huku zikavutwa, ili zisinywee, na ili sega hizo zinyooke.

Mama akaacha kusokota.

“Ungeanza hapo,” akasema. Aliuinua uzi aliokuwa akiusokota, akaushika ncha mbili, akauvuta hadi ukalia. Kisha akachukua katani ambayo bado haijasokotwa, akaikunja mkononi ikawa kama manyoya. “Hii na hii ni mkonge mmoja. Hii nimeivuta, hii sijaivuta. Uzi usiovutwa si uzi.”

Sijui kama naweza kueleza jinsi nilivyojisikia. Kwa sentensi moja, mama alikuwa amekifikia kile kilichonigharimu safari ya Nchiru. Akaenda mbele zaidi. Aliuliza ikiwa wayo huo una nguvu pande zote. Nikakumbuka kwamba nyuzi hizo zina nguvu ajabu zikivutwa kwa urefu, ila ubavuni ni dhaifu, ndiyo sababu matabaka hupangwa yakielekea pande mbalimbali. Akasema, “Ndiyo, kama kiondo,” akanionyesha jinsi nyuzi za kusimama zinavyokatwa na nyuzi za kuzunguka. Nikamwonyesha nami nyuzi za rangi alizochanganya na katani, nyekundu na kijani, ambazo alizipata kwa kufumua sweta kuukuu. Nikamwambia kwamba kizazi cha nyuzi zile za kaboni kiko humo humo kiondoni mwake. Alicheka sana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajali kumsikia akicheka hivyo.

Ndugu yangu, aliyekuwa kimya wakati wote huo, akasema, “Kumbe ni kama vile viatu vya Kipchoge.” Hakukosea. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 za marathoni huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa muda wa saa 1:59:40, viatu vyake vilikuwa na bamba la nyuzi za kaboni ndani ya soli. Kisha ndugu yangu akauliza swali lake, ambalo mimi wala mama hatukulifikiria: “Kikichoka, kitanionya?”

Hilo pia nilikuwa nimeliuliza Nchiru, nikashukuru. Jibu lake ni kwamba kitu cha namna hiyo hakina tabia ya chuma. Chuma kikizidiwa hupinda kwanza, ukakiona na kukiwahi. Nyuzi za kaboni ni nyepesi, chuma huzizidi uzito zaidi ya mara nne kwa ujazo ule ule, na zikipinda kidogo hurudi kama upinde. Lakini zikizidiwa kabisa hukatika ghafla. Hazipindi zikabaki zimepinda. Zaidi ya hayo, haziponyeki kwa fundi wa kawaida. Gurudumu la bodaboda likivunjika, fundi wa Ishiara atalitengeneza kabla chai haijapoa. Wayo huu ukivunjika, itabidi urudi mjini na pesa mkononi.

Tulinyamaza. Nilitazamia mama atoe uamuzi, kwa kuwa shamba ni lake. Badala yake alimgeukia mwanawe akamwambia, “Baba, sasa umejua. Sema wewe.”

Ndugu yangu alisema hataki shamba liuzwe. Atachukua tena wayo wa mpira, aanze kazi ya kutengeneza simu aliyokuwa akijifunza, na akiweka akiba ya kutosha ataununua wayo wa kaboni kwa jasho lake, kwa sababu anatamani siku moja kushuka hadi mtoni na kupanda tena bila kuhema. Hajaununua hadi leo. Labda atapata, labda hatapata. Mtu akitazama kwa nje atasema kwamba hakuna kilichobadilika kati ya mwaka 2023 na 2024: mara zote mbili tulichagua mpira. Mimi nilikuwapo mara zote mbili, na najua tofauti. Mara ya kwanza tulichaguliwa na neno. Mara ya pili alichagua mwenyewe.

Nimerudi semina nikiwa mtetezi yule yule, ila hoja zangu zimebadilika. Wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi, sibishani nao tena kwa kuwatajia istilahi. “Nyuzi za kaboni” ni maneno ambayo yeyote kati yetu angeyaunda kwa dakika moja, na laiti ningeyatamka mbele ya mama mwaka ule, yasingemfaa kitu. Istilahi ni kifuniko cha chungu. Kinafaa sana, lakini hakuna aliyeshiba kifuniko. Lugha huanza kuibeba sayansi pale msemaji wake anapokijua kitu kwanza, kisha akakitafutia mfano katika maisha ya anayemsikiliza, na kisha, hili ndilo gumu, akakubali kuulizwa mahali mfano huo unapovunjika. Wanafunzi wa Kiswahili tumejifunza hatua ya pili barabara. Ya kwanza tumewaachia watu wa maabara, na ya tatu huiogopa kwa kuwa hutuvua joho.

Kipande kimoja kati ya vile vinne vya makaa nilikiokota jioni ile nikaja nacho chuoni. Kiko juu ya meza yangu, kando ya kalamu ya risasi, ambayo nayo moyo wake ni kaboni. Anayenitembelea huniuliza kwa nini naweka uchafu mezani. Humjibu kwamba hayo ni maktaba ya baba yangu, na kwamba mama ndiye aliyenifunza kuisoma.